Seva inaposema "imekamilika"

Katika kazi yangu ya kutunza hifadhidata nimejifunza kuliogopa neno moja kuliko hitilafu yoyote ya mitambo, nalo ni "imekamilika". Seva inapolitamka neno hilo imeshatoa ahadi kwamba kilichoandikwa kimeandikwa, wala hakitatoweka hata umeme ukikatika papo hapo. Sehemu kubwa ya fani yetu ni jitihada za kulizuia neno hilo lisitoke kabla ya kuwa la kweli.

Nilianza kuumia mapema. Programu niliyokiandikia chama kimoja cha akiba na mikopo ilisoma salio, ikatoa kiasi kilichoombwa, kisha ikaandika salio jipya. Siku moja akaunti ya pamoja yenye shilingi 100,000 ilihudumiwa kwenye madirisha mawili kwa wakati mmoja, kila mmoja wa wenye akaunti akiomba 80,000. Programu ilisoma 100,000 mara mbili, ikaandika 20,000 mara mbili, na chama kikatoa shilingi 160,000. Hakuna mashine iliyoharibika, na kila hatua ukiitazama peke yake ilikuwa sahihi. Tiba ni ya zamani: ama unalifunga salio kabla ya kulisoma ili mwingine angoje, ama wakati wa kuandika unahakikisha kwamba halijabadilika tangu ulipolisoma, na likiwa limebadilika unaurudia muamala wote upya.

Diski ina ujanja wake. Hifadhidata makini haigusi majedwali kabla ya kuandika kwenye daftari la matukio kile inachokusudia kufanya. Mashine ikizima katikati ya kazi, ikiwaka husoma daftari hilo, ikakamilisha miamala iliyokuwa imethibitishwa na kuifuta ile iliyoishia njiani. Tatizo ni kwamba mfumo endeshi hupenda kuyaweka maandishi kwenye kumbukumbu ya muda kwanza, kwa hiyo hifadhidata hulazimika kutoa amri ya fsync, inayodai kwamba data ishushwe diskini kweli. Mwaka 2018 watengenezaji wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL walibaini jambo la kutia hofu: kwenye mfumo endeshi wa Linux, amri hiyo ikishindwa mara ya kwanza, ukiirudia inaweza kujibu kwamba mambo ni shwari ilhali data haikufika diskini, kwa sababu mfumo umekwisha kuihesabu kuwa imeshughulikiwa. Kwa miaka mingi walikuwa wameamini kwamba kurudia kunatosha. Katika matoleo ya 2019 walibadilisha mwenendo: fsync ikishindwa, hifadhidata hujizima yenyewe makusudi, kisha huanza upya kwa kusoma daftari lake. Wanafunzi wangu huliona jambo hilo kuwa la ajabu, ila mimi naona ni uungwana.

Hata hivyo diski moja hufa na kituo kizima huweza kukosa umeme, ndiyo maana tunatunza nakala kwenye mashine kadhaa, na hapo ndipo ugumu wenyewe unapoanza. Mashine iliyokufa haisumbui sana. Inayosumbua ni iliyonyamaza, kwa kuwa aliye upande wa pili hawezi kujua kama imekufa, imechelewa, au imefanya kazi yote na jibu ndilo lililopotea njiani. (Kwa sababu hiyo kila ombi la kuhamisha fedha linapaswa kubeba namba yake ya pekee, ili likitumwa tena lisitekelezwe mara mbili.) Mwaka 1985 wanasayansi wa kompyuta Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha kihisabati kwamba, pasipo ukomo wa muda wa ujumbe kusafiri, hakuna algoriti (yaani utaratibu wa hatua kwa hatua) isiyotumia bahati nasibu inayoweza kuhakikisha kwamba mashine zitafikia uamuzi mmoja iwapo hata mojawapo inaweza kuzimika. Sisi watendaji tunaishi na ukweli huo kwa kuweka muda wa kungoja na kwa kutegemea akidi.

Akidi hapa ni ileile ya vikao. Mashine zikiwa tano, jambo halihesabiwi kuwa limekamilika hadi tatu ziwe zimeliandika, na kwa kuwa makundi mawili yoyote ya watatu kati ya watano hayakosi mjumbe wa pamoja, uamuzi wa jana hauwezi kusahauliwa na wengi wa leo. Algoriti mbili za makubaliano, Paxos ya Leslie Lamport, iliyochapishwa 1998, na Raft ya Ongaro na Ousterhout ya 2014, zimejengwa juu ya hoja hiyo. Raft huongeza mihula ya uongozi yenye namba: kiongozi aliyetengwa na mtandao akirudi na kutoa amri za muhula uliopita, wenzake humkatalia.

Lakini akidi hulinda kile tu kilichopitishwa mbele yake. Tarehe 21 Oktoba 2018, matengenezo ya kawaida ya kifaa cha mtandao yaliitenga kwa sekunde 43 hifadhidata kuu ya GitHub, huduma ya kutunza misimbo ya programu, iliyokuwa pwani ya mashariki ya Marekani. Programu inayosimamia uongozi wa hifadhidata zao za MySQL, ambayo yenyewe hutumia Raft, ilipata akidi halali na kuhamishia uongozi pwani ya magharibi. Uchaguzi ulikuwa sahihi. Kasoro ni kwamba mashariki ilikuwa imekubali maandishi ya sekunde chache ambayo hayakuwa yamefika magharibi, na magharibi nayo ikapokea mapya kwa karibu dakika 40 kabla wahandisi hawajaweza kuingilia kati. Kila pwani ikawa na maandishi ambayo nyingine haina. Waliamua kuilinda data hata kama huduma ingedorora, na ikadorora kwa saa 24 na dakika 11. Katika mojawapo ya hifadhidata zenye shughuli nyingi zaidi, maandishi yaliyobaki mashariki yalikuwa 954, na baada ya huduma kurejea ilibidi kuyachambua ili kubaini yapi yangeweza kuunganishwa na mashine na yapi yangehitaji kuwauliza wenyewe walioambiwa kwamba kazi yao imekamilika.