Haoni Ubao, Mnamwita Mvivu

Tangu uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza uanze, ofisi yetu ya elimu maalum hapa Tabora inapokea malalamiko ya aina moja. Mzazi anampeleka mtoto mwenye ulemavu shule ya jirani, anaambiwa ampeleke Furaha, shule ya wasioona, au Shule ya Viziwi. Shule hizo zina watoto zinaowahudumia. Anayesikia kwa shida siyo lazima awe kiziwi, na mwenye uoni hafifu siyo kipofu. Tumelisema hili mikutano mingapi? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inamtaka mtoto huyo asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalum.

Kwa hiyo mwalimu mkuu anaandikisha kwanza. Kisha mwalimu wa darasa anaandika anachokiona: mtoto analalia daftari akisoma, anageuza sikio moja, anaitika akiitwa kwa karibu tu. Maandishi hayo yanapitia kwa mwalimu mkuu hadi kwa afisa elimu maalum wa halmashauri, ambaye anapanga upimaji pamoja na wataalamu wa afya, mzazi akiwepo. Majibu yanawekwa kwenye jalada la mtoto, na akihama, nakala inamfuata.

Wakati majibu yanasubiriwa, darasa halisimami. Mwenye ualbino akae mbele, mbali na dirisha lenye jua, aachiwe kofia yake na aruhusiwe kunakili kutoka daftari la jirani. Mbele ya asiyesikia vizuri, usifundishe huku umegeukia ubao. Hayo hayahitaji bajeti.

Naomba walimu wenzangu wanielewe kuhusu fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinataka mwalimu mkuu achape mwenyewe, au amwidhinishe mwalimu kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Hata ukiyafuata yote hayo, mtoto aliyeshindwa kujibu swali ambalo hakulisikia hajakosa nidhamu. Inaniuma kila ninapokutana na mtoto aliyechapwa hivyo.

Wazazi nao: "atasoma tukishauza tumbaku" haikubaliki. Kumnyima mtoto haki zilizomo katika Sheria ya Mtoto ya 2009 ni kosa. Faini yake inaweza kufika shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Tungependa tuishie kwenye mazungumzo, mlango uko wazi.

Kwa wenye watoto wa madarasa ya mitihani: Baraza la Mitihani humwongezea mtahiniwa mwenye mahitaji maalum dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mwenye uoni hafifu hupewa karatasi ya maandishi makubwa, asiyeona hupewa ya nukta nundu. Karatasi hizo huandaliwa mapema, kwa hiyo mzazi, nenda ukamuulize mwalimu mkuu kama hitaji la mwanao limeandikwa kwenye usajili. Nenda kabla usajili haujafungwa.