Kwa nini vijijini Ireland moto haukutolewa nje tarehe 1 Mei?

Je, wajua kwamba zamani, asubuhi ya tarehe 1 Mei, jirani aliyezimikiwa na moto katika kijiji cha Ireland angebisha hodi bure? Siku nyingine kaa la moto angepewa bila neno. Siku hiyo hapewi kaa wala maziwa, na hata majivu hayatupwi nje.

Sababu ni siagi. Siku hiyo, wanayoiita Bealtaine, ilifungua majira ya joto: ng'ombe wanapelekwa malishoni na maziwa yanaongezeka. Watu waliamini kwamba baraka ya maziwa ya mwaka mzima huweza kuibwa asubuhi hiyo, ikitoka pamoja na chochote kinachotoka nyumbani, moto kwanza. Aliyeondoka na kaa kaondoka na siagi yako: utasukasuka maziwa upate povu, huku pipa lake likijaa. Chuma ulete hasa, ila kinachochumwa ni mafuta ya maziwa.

Na siagi ilikuwa fedha. Wengi walikunywa mtindi uliobaki, siagi yenyewe ikauzwa ili kodi ya shamba ilipwe. Soko la siagi la mji wa Cork, kusini mwa Ireland, lililoanza mwaka 1770, lilikuja kuwa kubwa kuliko yote duniani.

Mshukiwa, kama kawaida, alikuwa bibi kizee anayeishi peke yake. Ilisemwa hujigeuza sungura na kunyonya ng'ombe alfajiri. Mbwa akimng'ata sungura mguu, kesho yake bibi anaonekana akichechemea. Habari ya bibi kujigeuza sungura, padri na mwandishi Gerald of Wales alikwisha kuitaja katika karne ya 12, na watoto wa shule waliotumwa kuwahoji wazee mwaka 1937 na 1938 waliiandika tena madaftarini.

Kumbe mara nyingi kosa lilikuwa la joto: malai yakiwa baridi mno au moto mno, mafuta hayashikani. Mgeni aliyekuta maziwa yakisukwa alilazimika kushika mchi kidogo, asije akaondoka na baraka. Sheria hiyo nadhani ilitungwa na mtu aliyechoka mikono.

Mwombaji wa moto alitiliwa shaka hata kabla hajafungua mdomo. Walikuwa wakichoma mboji kavu iliyochimbwa kinamasini. Usiku makaa yake hufukiwa majivuni, na asubuhi yakifukuliwa na kupulizwa yanawaka. Sasa wako umezimikaje, tena leo?