Pauni 20 kwenye mshipi: maana yake ni nini?

Vijana wanaoanza kuvua kwa rodi, yaani fimbo ya kuvulia, hapa Tanga huniuliza swali lile lile: mshipi wa pauni 20 unavua samaki wa kilo ngapi? Wamesoma kibandiko cha mshipi dukani, wakapiga hesabu kwenye simu, wakapata kilo 9 na ushei. Basi wanaamini samaki wa kilo 8 ni wao, na wa kilo 10 atawakatia. Hesabu yao haina kasoro, maana pauni moja ni gramu 454 hivi. Kilichokosewa ni maana waliyoipa hiyo namba.

Namba ile haimhusu samaki hata kidogo. Inauhusu mshipi peke yake. Inakwambia kwamba mshipi huu, ukiwa mpya, hauna fundo wala mkwaruzo, ukivutwa taratibu na kwa kunyooka, utakatika ukifikia mvuto wa pauni 20 au karibu na hapo. Ni kikomo cha mshipi. Napenda neno kikomo kuliko nguvu, kwa sababu anayesikia nguvu hufikiria atakachobeba, na anayesikia kikomo hufikiria pa kuishia.

Samaki akiwa majini karibu hana uzito. Maji yanambeba. Unachopambana nacho ni mkia wake, mkondo wa maji, na kile anachokimbilia. Ndiyo maana mtu wa ngarawa pale Sahare anaweza kumleta samaki wa kilo 15 kwa mshipi wa pauni 20, akimwachia na kumvuta, akimwachia na kumvuta, na mtu mwingine ukutani akakatiwa na samaki wa kilo 3 kwa mshipi uleule. Mambo hubadilika samaki anapotoka majini. Hapo uzito wake wote unarudi kwa mara moja, tena akijitikisa anauzidisha.

Hili nililijua kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza wa rodi nilimshika chewa kwenye ukuta wa mawe upande wa Raskazone, maji yakiwa yametoka nusu. Nilimchosha mpaka akalala ubavu. Kutoka nilipokuwa nimesimama hadi kwenye maji ilikuwa kama mita mbili, na sikuwa na wavu wala fimbo yenye kulabu. Nikamnyanyua kwa mshipi. Alipotoka tu juu ya maji alijipiga mara moja, mshipi ukalia kama uzi wa gambusi, nikabaki nimeshika rodi iliyonyooka. Sidhani kama alifika kilo 5.

Nilipomsimulia mjomba wangu, ambaye amevua kwa mshipi wa mkono tangu utoto, aliniuliza swali moja.

"Ulimpa kiasi gani?"

"Sikumpa kitu, mjomba. Nilimkaza."

"Basi mshipi ndio uliotoa. Kama mkono hautoi, mshipi hutoa."

Katika uvuvi wa mkono, mkono ndio breki. Mshipi unapita kati ya vidole, samaki akivuta kwa nguvu unauachia ukimbie, akilegea unaukusanya miguuni. Mvuvi mzoefu anaijua pauni ya mshipi wake kwa ngozi, bila kibandiko. Rili, kile kigurudumu cha kwenye rodi kinachokunja mshipi, haikuleta jambo geni. Kile kitasa kinachozungushwa mbele au juu yake kinabana sahani ndogo ndani, na kazi yake ni ile ile ya vidole: kuuachia mshipi utoke kabla haujafika kwenye kikomo. Kanuni inayofuatwa na wavuvi wengi wa rodi duniani ni kuiweka breki iachie kwenye robo hadi theluthi ya pauni za mshipi. Kwa mshipi wa pauni 20 hiyo ni kilo 2 na robo hadi kilo 3. Wanaoanza hushangaa kusikia hivyo, huona ni kidogo mno. Lakini mshipi unapokuwa majini una fundo, una mikwaruzo, rodi imepinda na kuongeza msuguano kwenye pete zake, na samaki havuti taratibu kama mashine ya kupimia. Hiyo nafasi iliyobaki ndiyo inayolipa gharama zote hizo.

Sasa niseme kuhusu besi, kwa sababu maelezo mengi ya rodi na rili yanayotufikia kwenye simu yanatoka kwa wavuvi wa besi wa Marekani, na bila kujua samaki wao utayasoma vibaya. Besi wa domo kubwa ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, wa mabwawa na maziwa ya Amerika Kaskazini. Huku kwetu pwani hayupo; yuko Ziwa Naivasha, Kenya, alikopandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Si samaki mkubwa sana. Rekodi ya dunia ni kilo 10 na kidogo: George Perry alimvua mmoja Georgia, Marekani, mwaka 1932, na Manabu Kurita akaifikia rekodi hiyo kwenye Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Besi wa kila siku ni wa kilo moja au mbili.

Hata hivyo utamwona Mmarekani huyo akitumia mshipi wa kusuka wa pauni 50 au 65 kumvua besi wa kilo 2. Siku ya pili, bwawa jingine, anamvua besi wa ukubwa uleule kwa mshipi wa pauni 6. Samaki ni yuleyule, mishipi miwili, na mmoja unazidi mwenzake karibu mara kumi. Kama pauni zingekuwa kipimo cha samaki, jambo hili lisingekuwa na maana yoyote. Siku ya kwanza alikuwa anatupa chambo bandia juu ya majani mazito ya majini, na besi akishakula hujizamisha humo. Lazima ang'olewe pamoja na majani yake. Siku ya pili maji yalikuwa meupe na wazi, samaki ana wasiwasi, mshipi mnene angeuona, na hapakuwa na kitu cha kujifungia.

Kwa hiyo mshipi huchaguliwa kwa mahali samaki atakapokimbilia. Ukilishika hilo, ushauri wa besi unatafsirika vizuri sana hadi Tanga. Chewa wetu si ndugu wa karibu wa besi, ila wanafanana tabia: domo kubwa, kujificha pangoni, kumeza kwa ghafla na kurudi shimoni. Akishaingia kwenye mwamba hutanua mapezi na mashavu, akajikaza, na hapo hata ukiwa na kamba ya jahazi unavuta jiwe. Mshipi wa chewa unanunuliwa kwa ajili ya sekunde tano za mwanzo. Kolekole ni kinyume chake. Yeye hukimbia, na hukimbia mbali. Kama hakuna mwamba njiani mshipi mwembamba unamtosha, mradi rili ina mita za kutosha na breki inatoa bila kukwama. Kwa mwenye kuanza, anayevua changu na samaki wadogo kutoka ukutani au kwenye ngarawa karibu na pwani, naona pauni 12 hadi 15 za nailoni ni sawa. Kwa chewa kwenye matumbawe singeshuka chini ya 30, na siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka zaidi ya mita tatu na mkondo ukaburura chubwi, ule uzito wa kuzamishia ndoana, ningependa kuongeza.

Namba ile ile kwenye mishipi ya aina tofauti haifanyi kazi sawa. Nailoni ya pauni 20 huwa na unene wa takriban milimita 0.40. Inanyumbulika, na mnyumbuliko huo ni msamaha: samaki akijitupa, mshipi unarefuka kidogo badala ya kukatika. Ubaya ni kwamba hunywa maji na kupungua nguvu ikilowa, na jua huiua polepole. Mshipi wa kusuka ni mwembamba zaidi kwa pauni zile zile, haunyumbuliki karibu kabisa, unausikia hata mdonoo wa samaki mdogo chini kabisa. Lakini uguse ukingo wa tumbawe ukiwa umekazwa, unakwenda. Watu wananunua wa pauni 50 wakidhani wamemaliza matatizo, halafu wanakatiwa siku hiyo hiyo. Dawa yake ni kuunga mbele yake kipande cha mita moja au mbili cha nailoni nene au florokaboni, aina nyingine ya mshipi wa plastiki. Florokaboni ni ngumu kukwaruzika, inazama, na haionekani kwa urahisi majini kwa sababu inaupinda mwanga kwa namna inayokaribia maji yenyewe. Kwa mwambani mimi siendi bila kipande hicho.

Hata kibandiko chenyewe kina ahadi za aina mbili. Mishipi mingi ya dukani inaahidi kwamba haitakatika chini ya namba iliyoandikwa, kwa hiyo wa pauni 20 unaweza kuvumilia hata 25. Mishipi ya wanaotafuta rekodi inaahidi kinyume, kwamba itakatika kabla ya kuivuka namba. Shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, IGFA, lililoanzishwa 1939, huupima mshipi ukiwa umelowa, na rekodi zake nyingi hupangwa kwa daraja la mshipi, si kwa ukubwa wa samaki tu. Kwao kumleta samaki mkubwa kwa mshipi mwembamba ni ustadi unaohesabika peke yake.

Rodi nayo imeandikwa pauni, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ukiona 12–20 karibu na kishikio, rodi inakwambia mishipi inayoelewana nayo. Mshipi ukiwa dhaifu sana kuliko rodi, rodi haitapinda kabla mshipi haujakatika, na kupinda ndiko kunakomchosha samaki. Mshipi ukiwa mzito sana kuliko rodi, kitakachovunjika ni rodi. Kitu dhaifu kuliko vyote kinatakiwa kiwe mshipi, tena pale karibu na ndoana, ili ukikatika upoteze ndoana na chubwi badala ya mita mia moja za mshipi zikabaki zimezunguka matumbawe. Pembeni mwa pauni huwa kuna gramu au aunsi, nazo ni uzito wa chambo na chubwi ambao rodi inaweza kuurusha. Aunsi moja ni gramu 28. Rodi ya chambo bandia cha gramu 10 ukiitundikia chubwi la gramu 100 na kulirusha kwa nguvu, unaivunja kabla hujamwona samaki. Na kwa kuwa rodi nyingi sasa ni za kaboni, ambayo hupitisha umeme, masika radi ikianza weka chini uondoke.

Watu wengi huingia dukani wakinunua rodi kwanza kwa sababu ndiyo inayopendeza, kisha rili inayofanana nayo rangi, na mshipi mwisho, wowote uliobaki. Mimi naomba uanze na mahali: utasimama wapi, chini kuna nini, samaki gani. Hapo mshipi unajulikana. Mshipi ukijulikana, rodi na rili zinajichagua zenyewe, na ndoana inafuata mdomo wa samaki. Kwenye ndoana angalia kitu kimoja tu, namba zinakwenda nyuma kisha mbele: namba 10 ni ndogo kuliko namba 4, ila baada ya 1 zinaanza 1/0, 2/0, 3/0, na hizo zinazidi kukua.

Limebaki fundo. Fundo la kawaida la kufungia mzigo, likiwekwa kwenye mshipi wa nailoni, huweza kuondoa nusu ya nguvu yake, kwa sababu mshipi unajikata wenyewe pale unapojipinda. Hata lile linalojifunga kwa bahati mbaya unaporusha lina hasara hiyo hiyo, kwa hiyo ukiliona kata. Jifunze fundo moja zuri, kama palomar, ulifunge mpaka mikono iweze gizani, na ulilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Likikazwa kavu, msuguano huzaa joto na joto huidhoofisha nailoni.

Haya yote unaweza kuyajaribu nyumbani kwa ndoo. Funga mshipi wa pauni 20 juu kwenye boriti kwa kuuzungusha mara nyingi bila fundo kali, ning'iniza ndoo ya plastiki kwa fundo lako la ndoana, kisha mimina maji kwa kipimo cha lita. Lita moja ni kilo moja. Ukifika lita 8 au 9 na fundo bado limeshika, umelifunga vizuri. Kisha weka fundo la kawaida katikati ya mshipi, rudia, na uone ndoo inavyoanguka mapema. Kwa breki chukua dumu la mafuta ya kula la lita 3, lijaze maji, lifunge kwenye mshipi unaotoka moja kwa moja kwenye rili bila kupita kwenye rodi, uliinue. Lining'inie, na ukilitikisa kidogo lianze kushuka taratibu. Likishuka kabla hujalitikisa, kaza. Lisiposhuka, legeza. Nami hulifanya hivyo kila jioni kabla ya safari, uani, ndoo ya maji matamu ikisubiri rili itakaporudi na chumvi.