Pwani hakuna milima, basi baiskeli ni mteremko?

"Huku ni tambarare, mtu anakanyaga tu." Dhana hii ndiyo inayowakomoa wengi wanaotoka Malindi alfajiri kwa baiskeli wakielekea Garsen, kama kilomita 110. Mwenye kupanda mlima hatimaye huteremka, na akiteremka miguu hupumzika. Barabara tambarare haina ihsani hiyo: unakanyaga karibu saa zote, makalio palepale, viganja vimekufa ganzi kwenye usukani.

Halafu upepo, ambao ramani haiuonyeshi. Ukienda kilomita 20 kwa saa, na upepo wa kilomita 20 unakujia usoni, hewa inakupiga kama vile unakwenda 40, na ukinzani wake unapanda mara nne. Kwa hiyo Garsen ya Julai, kusi ikikusukuma mgongoni, na Garsen ya Januari, kaskazi ikikukabili tangu Mambrui, ni safari mbili kabisa. Manahodha wa Lamu walipanga safari zao kwa misimu hii kabla baiskeli haijabuniwa. Akija mtu kukuuliza njia ni ngumu kiasi gani, muulize kwanza anakwenda mwezi gani, na anaelekea upande gani.

Wengine hupima kwa kilomita peke yake. Mashindano ya baiskeli ya Paris–Roubaix huko Ufaransa, yaliyoanza 1896, hayana mlima wa maana, ila kuna takriban kilomita 55 za mawe yaliyopangwa, na hizo ndizo zinazowatoa jasho mabingwa. Sisi tuna mchanga. Ukitoka lami tu, gurudumu la mbele linazama, usukani unajipindia unakotaka, na mwenye tairi nyembamba anashuka kusukuma. Tairi pana iliyopunguzwa upepo kidogo hupita.

Wastani wa mwinuko nao hudanganya. Njia ya kilomita 10 inayopanda mita 200 ina wastani wa asilimia 2, lakini humo ndani inaweza kuficha kipande cha asilimia 12. Tazama kipande kikali zaidi, uache wastani.

Na joto? Watu husema upepo wa bahari unapoza. Unapoza kiasi, lakini unyevu ukizidi jasho halikauki, linadondoka tu, na mwili unabaki na moto wake. Kabla hujahesabu kilomita, hesabu vituo vya maji: ukishapita Marereni maduka yanaachana mbali, na chupa mbili hazikufikishi.