Je, wajua kwa nini betri huvuja ndani ya tochi iliyozimwa?

Tochi imekaa kabatini miezi kadhaa bila kuguswa. Umeme unakatika, mtu anaichukua, anabonyeza swichi, kimya. Akifungua kifuniko anakuta unga mweupe umeganda kwenye springi, au majimaji ya kahawia yanayonata, na betri zimeng'ang'ania ndani. Wengi husema tu kwamba betri zilikuwa feki, na tochi inaishia jalalani. Betri mbovu zipo madukani, hilo halina ubishi. Lakini hata betri halisi huvuja, kwa sababu ya namna ilivyoundwa, na ukijua kilichovuja ni nini, mara nyingi tochi hiyo inapona.

Tuanze na betri ya bei nafuu, ya zinki na kaboni. Mfaransa Georges Leclanché ndiye aliyeibuni mwaka 1866, wakati huo ikiwa chombo cha kioo chenye kimiminika. Miaka 20 baadaye Mjerumani Carl Gassner akakifanya kimiminika hicho kuwa uji mzito na kufunga kila kitu ndani ya kopo la zinki, ndipo betri ikaweza kubebwa na kulazwa ubavu bila kumwagika. Betri kavu za namna hiyo ndizo zilizotengenezwa Nakuru katika kiwanda cha Eveready hadi kilipofungwa mwaka 2014, na ndizo bado zinazojaa katika maduka mengi ya mitaani.

Katikati yake kuna kijiti cha kaboni, kimezungukwa na unga mweusi wa oksidi ya manganizi. Unafuata utando wa karatasi uliolowa maji ya chumvi yenye asidi, kisha kopo la zinki, madini yale yale yanayopakwa kwenye mabati ya kuezekea. Kopo hilo ndilo linalobeba vyote vilivyomo, na hilo hilo ndilo ncha hasi, yaani ndilo linaloliwa ili umeme upatikane. Ni sawa na kupika mboga katika chungu ambacho nacho ni sehemu ya mboga. Kadiri betri inavyotumika, ukuta wake unazidi kuwa mwembamba, hadi siku unapotoboka na maji yale yenye asidi yakaanza kuzitafuta springi.

Kuliwa huko hakungoji swichi. Zinki iliyokaa ndani ya unyevu wenye asidi huendelea kulika polepole hata tochi ikiwa imezimwa, na penye joto kali mambo huenda mbio zaidi. Hapa ndipo penye hatari katika ile desturi yetu ya kuanika betri juani zikikaribia kwisha. Kuanika kunasaidia kweli: joto huchangamsha kemia iliyomo na mwanga unarudi kwa muda. Ila wakati huo kopo limeshakuwa jembamba mno. Betri iliyoanikwa ikarudishwa ndani ya tochi na kusahauliwa humo, karibu hakika itavuja.

Betri ya alkali ina kisa kingine. Ganda lake la nje ni chuma, na chuma hicho hakiliwi. Zinki yake ni ya unga na iko katikati, imelowa haidroksidi ya potasiamu, alkali kali, yaani kinyume cha asidi. Shida yake ni gesi. Zinki hiyo ikigusana na maji yaliyomo hutoa haidrojeni kidogo kidogo, na betri ikishakwisha gesi huongezeka. Presha ikipanda, kizibo cha plastiki kilichopo kwenye kitako hupasuka mahali palipofanywa pembamba kwa makusudi, ili betri isije ikalipuka. Gesi inatoka, na alkali inatoka nayo. Ikikutana na kabonidioksidi ya hewani hugeuka kuwa kabonati ya potasiamu, ndio ule unga mweupe unaofanana na chumvi. Zamani watengenezaji walitia zebaki kidogo ili kuzuia gesi hiyo. Zebaki ni sumu, na katika miaka ya 1990 ikaanza kuondolewa kwenye betri hizi. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa.

Kinachoharakisha kuvuja kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni kuchanganya betri kuukuu na mpya. Chukua tochi ya betri tatu, mbili mpya na moja iliyochoka. Umeme unapita katika zote kwa mfuatano, kwa hiyo ile iliyochoka ikishaishiwa, zile mpya zinaendelea kuusukuma umeme ndani yake hadi ncha zake zinageuka, chanya ikawa hasi. Betri iliyogeuzwa hivyo hutoa gesi kwa wingi. Tochi bado inawaka, mwenye nayo anaona amebana matumizi, kumbe ndani moja imeshaanza kufura.

Sasa usafishaji. Ushauri unaosikika sana ni kutumia ndimu au siki, na watu huupokea kwa kila betri. Ni sahihi kwa betri ya alkali peke yake. Ukipaka ndimu juu ya uvujaji wa betri ya zinki na kaboni, unaongeza asidi juu ya asidi, na springi ndiyo inayoumia. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote soma maandishi madogo ubavuni mwa betri. Betri kubwa ya tochi ikiandikwa R20 ni ya zinki na kaboni. Ikiandikwa LR20 ni ya alkali. Zile ndogo za saizi ya AA ni R6 au LR6, na nyembamba zaidi, AAA, ni R03 au LR03. Herufi L ndiyo ya kutafuta.

Vaa glavu, au mfuko wa plastiki mkononi kama glavu hakuna, na watoto wakae mbali. Alkali ile huunguza. Ukihisi vidole vinateleza kana kwamba vina sabuni, ni ngozi yako inayoanza kuliwa, osha mara moja kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali.

Kwa LR, chovya pamba katika siki ugusishe kwenye unga mweupe. Utaona povu: ni kabonidioksidi inayotoka. Povu likikoma, sugua kwa mswaki wa zamani. Kwa R, koroga magadi soda ya kupikia na maji kidogo upake uji wake, uache dakika chache, kisha usugue. Baada ya hapo, kwa aina zote mbili, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, halafu spiriti, na uache pakauke kabisa. Springi ikibaki na ukijani au kutu, ipitishie msasa laini kwa mkono mwepesi. Ukisugua sana utaondoa nikeli iliyopakwa juu yake, na chuma kilichobaki uchi kitashika kutu upesi.

Kuna zile tochi za bomba la alumini ambamo betri imekwama. Alkali hula alumini pia, ndiyo maana betri hugandamana na ukuta. Fungua kichwa na kifuniko cha nyuma, mimina siki kama ni ya alkali, acha saa kadhaa, kisha sukuma kwa kijiti cha mbao huku ukigongagonga bomba taratibu juu ya ubao. Usitoboe betri kwa drili wala kuipasha moto.

Baada ya yote hayo, ikiwa tochi bado haiwaki na betri mpya, angalia waya zinazotoka kwenye springi. Majimaji hupenda kupanda ndani ya ganda la waya, na shaba yake ikishakuwa nyeusi haishiki umeme vizuri. Fundi redio hubadilisha waya na springi kwa muda mfupi. Ila kama uvujaji umefika kwenye kibao cha taa na njia zake za shaba zimelika, hapo tochi hiyo imebaki ya kutolea vipuri.