Mvinyo mwekundu wa Italia unataka sahani kando

Anayeonja Chianti, mvinyo mwekundu wa mkoa wa Toscana, kwa mara ya kwanza bila kula kitu mara nyingi hukunja uso. Fizi zinakaza, ulimi unakauka, kisha mate yanamjaa kana kwamba ameng'ata ukwaju. Chupa haijaharibika. Sangiovese, zabibu kuu ya Toscana, ina uchachu mwingi na tanini nyingi, yaani ule ukakasi wa ndizi mbichi au chai ya rangi iliyochemshwa mno.

Tanini hushikana na protini za mate, ndiyo maana mdomo unakauka. Kula nyama au jibini kwanza, zipate protini nyingine za kushikana nazo, na mvinyo uleule utalainika. Uchachu nao hufanya kazi ya ndimu kwenye samaki wa kukaanga. Ndiyo sababu Chianti haizidiwi na mchuzi wa nyanya, wakati mvinyo usio na uchachu hupooza mbele ya nyanya.

Nebbiolo, zabibu ya mkoa wa Piemonte, hudanganya macho. Rangi yake ni hafifu, karibu uone vidole ng'ambo ya glasi, lakini ukakasi wake ni mkali kweli. Barolo hutengenezwa kwa zabibu hiyo peke yake, na sheria inautaka ukae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao. Kwa chakula cha kila siku mimi ningechukua Barbera ya mkoa huohuo: uchachu upo, tanini kidogo, na bei haiumi.

Lebo ndiyo inayochanganya watu. Montepulciano d'Abruzzo imepewa jina la zabibu; Vino Nobile di Montepulciano imepewa jina la mji wa Toscana, na zabibu yake kuu ni Sangiovese. Hazina undugu. Neno Classico halimaanishi mvinyo bora, linataja eneo la asili la mvinyo huo. Chianti Classico, yenye nembo ya jogoo mweusi, lazima iwe na Sangiovese asilimia 80 au zaidi. Herufi DOCG, alama ya daraja la juu la mvinyo wa Italia kisheria, zinathibitisha mahali na kanuni za utengenezaji, si kwamba utaupenda.

Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa "joto la chumba" ulitoka kwenye nyumba za baridi za Ulaya. Mombasa chumba kina nyuzi 30, na hapo pombe hupanda puani na harufu ya matunda hupotea. Lenga 16 hadi 18: chovya chupa kwenye ndoo ya maji na barafu dakika 10 hadi 15. Usiilaze kwenye friji usiku kucha ukaimimina papo hapo, baridi kali huzidisha ukakasi.

Barolo changa imimine kwenye jagi saa mbili kabla ya kula. Kuukuu usiifanyie hivyo, harufu yake hutoweka upesi. Isimamishe tangu jana yake ili mashapo yatue chini, kisha mimina polepole na uache kidole kimoja cha mvinyo ndani ya chupa.