Mkimbio wa besiboli: pointi inahesabiwa lini?

Katika besiboli pointi ni mkimbio. Timu inaupata mchezaji wake anapogusa vituo vyote vinne kwa mpangilio, cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha nyumbani alipoanzia akiwa mpigaji. Kwa aliyezoea soka tofauti iko hapo: golini huingia mpira, kwenye besiboli anaingia mtu. Mpira wenyewe unaweza kuwa umeangukia mbali kabisa.

Vituo vitatu vya kwanza ni mito ya mraba iliyoinuka juu ya ardhi. Cha nyumbani ni bamba jeupe la raba lenye pembe tano, limelazwa sawasawa na udongo, upana wake sentimita 43. Bamba hilo lina kazi mbili. Mwamuzi hulitumia kupima mitupo ya mrushaji, mpinzani anayemtupia mpigaji mpira: mpira mzuri ni ule unaopita juu yake, kati ya usawa wa magoti na wa kifua cha mpigaji. Kisha ndilo mwisho wa safari ya mkimbiaji. Kutoka kituo kimoja hadi kingine ni mita 27.4, kwa hiyo mzunguko mzima unakaribia mita 110, na ni wachache wanaoumaliza kwa pigo moja. Kwa kawaida mtu hufika kituo cha kwanza au cha pili, akasubiri wenzake wapige ili naye asogee.

Mpira ukivuka uzio ukiwa ndani ya mistari miwili ya pembeni, mpigaji na wote waliokuwa vituoni huzunguka bila kusumbuliwa. Vituo vikiwa vimejaa, pigo hilo huleta mikimbio minne. Na mrushaji akitupa mitupo minne mibaya wakati vituo vyote vitatu vina watu, mpigaji hupewa kituo cha kwanza, kila mmoja husukumwa mbele, na aliyekuwa cha tatu anaingia nyumbani bila mpira kupigwa.

Penye utata ni pale wachezaji wawili wa timu inayopiga wameshatolewa, yaani wapinzani wamewaondoa katika zamu hiyo. Akitolewa wa tatu, zamu ya timu imekwisha. Je, aliyegusa bamba katika pigo hilohilo anahesabiwa? Inategemea wa tatu ametolewaje. Kama ni mkimbiaji aliyekuwa huru kubaki kituoni kwake, akatoka kwa hiari akaguswa kwa mpira njiani, mwamuzi huangalia kipi kilitangulia. Mguu ukigusa bamba kabla ya mguso ule, mkimbio unahesabiwa. Lakini kama wa tatu ni mpigaji ambaye hajafika kituo cha kwanza, au mkimbiaji aliyelazimika kusogea kwa sababu mwenzake anamfuata nyuma, na mpinzani mwenye mpira akamtangulia kukanyaga kituo anachokwenda, mkimbio unafutwa hata kama mtu aligusa bamba mapema zaidi.

Kanuni hii ndiyo iliyomwangukia Fred Merkle, kijana wa miaka 19 wa New York Giants, tarehe 23 Septemba 1908. Giants na Chicago Cubs walikuwa sare 1-1, zamu ya mwisho, wawili wameshatolewa. Merkle alikuwa kituo cha kwanza na Moose McCormick cha tatu. Al Bridwell akapiga mpira safi katikati ya uwanja, McCormick akaingia nyumbani, mashabiki wakamiminika uwanjani. Merkle alipoona mchezo umekwisha akageuka kuelekea chumba cha wachezaji kabla ya kugusa kituo cha pili. Johnny Evers wa Cubs aliliona hilo, akapata mpira na kukanyaga kituo hicho. Kwa kuwa Bridwell alikuwa anakwenda cha kwanza, Merkle alilazimika kufika cha pili, na mwamuzi Hank O'Day akamtoa. Mkimbio wa McCormick ukafutwa, mchezo ukabaki sare. Timu hizo zilimaliza msimu zikiwa sawa, zikarudiana tarehe 8 Oktoba, na Cubs wakashinda 4-2 na kuchukua ubingwa wa ligi. Naona si haki kwamba jina la Merkle lilibebeshwa lawama maisha yake yote, kwani wachezaji wengi wa wakati ule walikuwa wakifanya vivyo hivyo na waamuzi wakinyamaza.

Sharti la kugusa halimwachi hata aliyeupiga mpira nje ya uzio. Akiruka kituo kimoja na wapinzani wakamlalamikia kwa mwamuzi kabla ya mtupo unaofuata, anatolewa, na mkimbio wake hauhesabiwi.